Nibu Huguswa Mwisho

Peni ya wino ikigoma, mkono wa mwenyewe huenda moja kwa moja kwenye nibu, ile ncha ya metali inayoandika. Ataibana kwa kucha, ataikandamiza karatasini, ataikwaruza ukutani. Nimeona hata aliyeipitisha kwenye moto wa kiberiti. Kazi yangu ni kuandika majina kwenye vyeti na kadi za harusi hapa Mtwara mjini, na watu wakishakuona na peni ya namna hiyo wanakuletea za kwao: za marehemu baba, za zawadi ya kustaafu, za kuagiza mtandaoni zilizofika kwa basi zikiwa zimeshaanza kuvuja. Katika zote zilizopita mikononi mwangu, nibu ndiyo iliyokuwa na kosa mara chache kabisa. Kosa kubwa ni wino. Ukiuondoa wino, kuna uchafu, kuna karatasi, kuna joto, na kuna mkono wa mwandishi mwenyewe.

Hasira nyingi hutokana na kutojua peni hii inavyofanya kazi. Ndani yake hakuna kinachosukuma wino. Wino hushuka wenyewe kwa kufuata mfereji mwembamba, na kila kinachotoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Toboa dumu la mafuta tundu moja dogo kisha uligeuze: litatoa kidogo, litasita, litabwabwaja, litasita tena. Peni za zamani nazo zilikuwa na tabia hiyo, mpaka Lewis Waterman wa New York alipopata hataza yake mwaka 1884 kwa kipande chenye mifereji inayoshusha wino huku ikipandisha hewa. Ndicho kile kipande cheusi unachokiona chini ya nibu. Hapa nitakiita ulimi. Njia ya wino ikiziba, peni inakauka. Njia ya hewa ikiziba, inaandika mistari michache halafu inakata. Nibu iko salama salimini juu yake, nayo ndiyo inayosulubiwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mikindani alinijia na peni ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa imemsusa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu itazame hii. Nibu yake imechoka.”

Nilipoifungua nikakuta wino wa zambarau, mzito, unaonata vidoleni. Nikamuuliza kaupata wapi. Dukani, akasema, kaomba wino, kapewa wino.

“Lakini huu ni wa mhuri, mwalimu.”

“Kwani wino si wino?”

Sikumshangaa, na muuzaji naye hakumdanganya. Ukiingia duka la vifaa vya ofisi hapa mjini ukaulizia wino, kinachotoka kabatini ni wa mhuri au wa printa, kwa sababu ndio unaonunuliwa kila siku. Wino wa mhuri umetengenezwa usikauke kwenye pedi, hivyo huwekwa glisirini au vitu vya jamii hiyo. Ukiingia kwenye mifereji ya ulimi hauna haraka ya kutoka. Wa printa una kasoro ya upande wa pili: huenda upesi mno, herufi zinatanuka na kutokea nyuma ya karatasi. Ila mbaya kuliko yote ni ule mweusi tii wa wachoraji ramani. Ule una masizi na gundi ya shelaki. Ukishakauka ndani ya peni hauyeyuki tena kwa maji. Umetengenezwa kwa nibu za kuchovya, ambazo unazifuta kwa kitambaa ukimaliza kazi. Hata wino wa masizi tuliouzoea vyuoni, wa kalamu ya mwanzi na ubao, una chembe zinazotuama. Ni wino mzuri sana, masizi hayapauki hata karne ikipita, lakini si wa kutiwa kwenye peni.

Peni ya mwalimu niliiosha, basi. Na hapa kwenye kuosha nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo dawa ya magonjwa mengi kuliko watu wanavyodhani.

Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu wa mkono, kamwe yasiwe ya moto; peni za zamani zina sehemu za eboniti, yaani mpira mgumu, ambazo maji ya moto huzipausha, na plastiki nyingine hupinda. Spiriti usiiguse kabisa, kuna plastiki inazopasua. Vuta maji, tema, vuta, tema, mpaka yanayotoka yawe meupe. Wino ukiwa umeganda, tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye glasi nzima, loweka sehemu ya nibu usiku kucha, asubuhi suuza mpaka uhakikishe sabuni imeisha. Sabuni ikibaki ndani, wino unaofuata utachuruzika. Kwa peni za katriji, zile zinazochomekwa kijichupa cha wino na hazina cha kuvutia maji, nenda duka la dawa ukanunue ile pampu ya mpira ya kufyonza kamasi za watoto wachanga. Ichomeke nyuma ya sehemu ya nibu, sukuma maji. Kinachotoka kwa dakika chache kingekuchukua jioni nzima kwa njia nyingine. Bomba la sindano nalo ni la kununua siku hiyohiyo, maana kwa hilo unajaza upya katriji iliyokwisha badala ya kuagiza mpya Dar es Salaam.

Maji yenyewe ni habari ya pekee kwa sisi wa pwani. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi haipungui kwa kuchemsha. Ndiyo kwanza inazidi. Peni ikioshwa kwa maji hayo na kuachwa ikauke, chumvi na chokaa hubaki kwenye mifereji. Mimi hukinga ya mvua, lakini si ya mvua ya kwanza, ile inayoshusha vumbi la bati. Nikiishiwa hutumia maji ya betri. Soma chupa kwa makini, tafadhali, kwani maduka yanayouza maji ya betri ndiyo hayohayo yanayouza asidi yake.

Peni ya mwalimu ilichukua muda kuacha kutoa zambarau. Nikaijaza buluu ya kawaida, Quink, wino wa Parker uliopo sokoni tangu 1931. Akaandika jina lake, akaandika na la mkewe, akaangalia nibu yake iliyochoka. “Kumbe ni mzima,” akasema. Hakuniambia asante mpaka alipofika mlangoni, lakini walimu wa zamani ndivyo walivyo.

Wino sahihi nao huharibika. Huku kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na miezi hiyo unyevu uko kila mahali: kwenye nguo za sanduku, kwenye viatu, kwenye chupa ya wino. Ukifungua chupa ukaona utando juu, au nyuzinyuzi zinaelea, au harufu ya chumba kilichofungwa, huo ni ukungu. Usiuchuje. Vimelea vyake havionekani, vinapita kwenye kitambaa chochote, na peni moja ikishaambukizwa itaambukiza kila chupa itakayochovywa. Mwaga wino, tupa chupa, osha peni. Zamani viwanda vilitia fenoli kuzuia hali hiyo. Siku hizi dawa zinazotiwa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo usafi umebaki kwetu. Kanuni yangu ni kumimina kiasi cha kutumia kwenye kidau kidogo, na kinachobaki kidauni hakirudi chupani.

Kusi likivuma mambo hugeuka. Kati ya Juni na Septemba hewa ni kavu kidogo na upepo hauishi; peni ikikaa bila kifuniko wakati unaongea na mteja, ncha inakauka. Hiyo si peni mbovu. Na chupa iliyofungwa kwa kulegea, maji yake yanakwenda na rangi inabaki, hivyo wino unazidi kuwa mzito. Tone moja moja la maji ya mvua kwenye peni nzima linatosha kuurudisha kwenye mwendo.

Kuna swali ambalo wateja wenye heshima zao huuliza: wino upi haufutiki? Wakili mmoja wa Lindi, anayesafiri zaidi ya kilomita 100 kuja huku kwa shughuli zake, alitaka wino wa kutia saini hati za viwanja. Alikuwa akitumia buluu inayofutika kwa maji, ile ya wanafunzi. Nilichovya kidole kwenye glasi nikadondosha tone juu ya saini yake ya majaribio, nikasubiri kidogo, nikafuta kwa tishu. Saini ikaondoka na tishu. Akanyamaza, nadhani akihesabu hati.

Wino wa namna aliyoitaka upo, na ni wa zamani kuliko peni zenyewe: wino wa chuma na tanini. Tanini hutoka kwenye vifundo vya mti wa mwaloni, chuma ni chumvi yake. Ukiwa chupani hauna weusi mwingi, ndiyo maana viwanda huongeza rangi ya buluu ili uone unachoandika. Ukishafika karatasini hewa inauchoma, unageuka mweusi usioyeyuka, umeshikamana na nyuzi za karatasi. Uingereza, wasajili wa vizazi na ndoa waliutumia kwa miaka mingi sana. Ubaya wake ni kwamba una asidi. Nibu ya dhahabu haiogopi, ya chuma cha bei nafuu huliwa taratibu. Na ukikaukia ndani ya ulimi, kuutoa ni kazi. Kwa hiyo nilimwambia wakili ajaze peni moja tu, aitumie kila siku, na aioshe kila inapoisha, asiiache imelala wiki nzima na wino huo tumboni.

Habari ya tanini ilinirudisha nyumbani. Wavuvi wa zamani wa pwani hii walichemsha magome ya mikoko kupaka nyavu za pamba na matanga yasioze, na maji yale mekundu ni tanini tupu. Mzee mmoja wa Msangamkuu alinipa magome makavu ya mkandaa ya tawi lililoanguka (usikate mti kwa ajili ya mchezo huu, mikoko ina sheria zake). Niliyachemsha, nikachuja kwa kitambaa, nikachanganya na siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Ule wekundu ukageuka mweusi palepale chunguni, wenye kuegemea kijani ukiutazama juani. Tanini ya mikoko si ya aina moja na ya vifundo vya mwaloni, nayo hutoa weusi wa kijani badala ya buluu. Nimeandikia kadi kwa nibu ya kuchovya na watu wakapenda. Kwenye peni ya wino siutii hata kwa kulipwa: una machicha, una asidi nisiyojua kiasi chake, na hauna dawa ya ukungu.

Karatasi nitaipitia haraka kidogo, ingawa ndiyo inayonipa shida zaidi kazini. Wanaotengeneza vyeti siku hizi wanapenda karatasi ya kung'aa. Wino wa maji hauna pa kuingia, unakaa juu, dakika kumi bado mbichi, mtu anapokea cheti chake kwa furaha na jina linabaki kwenye dole gumba. Upande wa pili kuna madaftari yanayonyonya kupita kiasi, herufi inaota ndevu. Jaribu nyuma ya karatasi au pembeni kabla hujakubali kazi. Lakini lipo jambo moja la karatasi ambalo watu hulitwika nibu: mafuta. Peni inaandika vizuri juu ya ukurasa, ikifika chini inaruka herufi. Chini ndipo mkono ulipokuwa umelala. Losheni, jasho, mafuta ya nazi. Na msimu wa korosho, kila mtu ana bakuli la za kukaanga mezani, anatafuna na kuandika. Wino wa maji haushiki penye mafuta. Weka karatasi safi chini ya kiganja, na korosho zisubiri.

Peni kudondosha tone zito katikati ya jina la bibi harusi ni hewa na joto. Peni ikiwa imebaki na wino kidogo, sehemu kubwa ya ndani ni hewa, na hewa ikipata joto la mkono, au la mfuko wa shati saa saba mchana, inatanuka na kuusukuma wino nje. Iliyojaa haina hewa ya kutanuka. Ndiyo sababu siku ya kazi kubwa najaza mapema, sisubiri iishe. Ndegeni kisa ni hichohicho kwa sababu nyingine: shinikizo la hewa ndani ya ndege hushuka, hewa ya ndani ya peni inatafuta pa kwenda. Anayetoka Dar es Salaam kwa ndege na peni nusu, nibu imetazama chini mfukoni, asimlaumu aliyeitengeneza. Aijaze au aimwage, na aisimamishe nibu juu. Kwenye basi ni kutikiswa tu. Hapo kifuniko kitajaa madoa, ifute kabla ya kuandika, haina ugonjwa.

Baada ya hayo yote ndipo naitazama nibu. Namaanisha kuitazama. Nina lenzi ya jicho aliyoniuzia fundi saa wa sokoni alipopata nyingine, inakuza mara kumi. Nibu ina meno mawili yaliyotenganishwa na mpasuko, na kwenye ncha kuna punje ya metali ngumu iliyopasuliwa katikati. Jino moja likiwa juu ya mwenzake, peni inakwaruza upande mmoja tu. Unaligusa kwa ukucha, unaliinua au kulishusha kidogo, unatazama tena. Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko macho yanavyoona. Mpasuko ukiwa umebana mno, wino haufiki nchani; kijikaratasi cha shaba nyembamba kinapitishwa mara mbili tatu, basi. Msasa wa fundi seremala usiuote. Ile punje ikishaliwa hairudi, na peni inayokwaruza leo itakuwa peni isiyoandika kesho.

Na hata hapo mwambie mwenyewe aandike mbele yako kwanza. Binti mmoja wa chuo cha ualimu alinilalamikia peni mpya inayokwaruza. Mkononi mwangu iliteleza.

“Hebu andika wewe, dada.”

Akaishika kama alivyozoea biki, imesimama wima, imepinda kuelekea ndani kiasi kwamba jino moja lilikuwa hewani, na anakandamiza mpaka kwenye ukurasa wa tatu kunabaki alama. Biki inataka nguvu ili kigololo kizunguke. Hii inataka kuguswa tu. Nilimgeuzia peni mkononi, nikamlaza mkono, nikamwambia aandike kana kwamba karatasi imewekwa juu ya kitanda. Alikasirika kidogo, maana alitaka peni itengenezwe, si yeye. Juzi nimemwona anaandika nayo, bado anakandamiza, lakini imelala.

Wiki hii mezani ilikuja peni ya mama mmoja wa Ligula, ya marehemu mumewe, ya aina yenye mpira wa ndani unaominywa kwa wenzo. Haivuti tone. Kila aliyeishika kabla yangu alianza na nibu, unaona na alama za koleo. Mpira ndio uliokufa: umekuwa mgumu, nilipoufungua ulikatikakatika vipande. Mpira mpya unauzwa kwa kipimo cha kipenyo, na wa saizi hiyo hapa haupo, nimeupima, nimeagiza. Nilipoichovya kidauni ikaandika mstari mzima bila kukata, na jaribio hilo ndilo ningemwambia kila mtu aanze nalo kabla ya koleo: ikichovywa ikaandika, nibu haina neno, kosa liko nyuma yake. Mama kaichukua hivyohivyo. Anachovya.